Fomu Haina Mahali pa Utani

Mimi ni Mnyamwezi wa Nzega, na nikilisema hilo Uzaramoni nimeshajitangaza kuwa mgomvi. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani na kuwakuta babu zao wanacheza ngoma. Wao wanasema sisi tulikuwa wapagazi. Sisi tunasema bila mizigo yetu wasingekuwa na cha kuvaa ngomani. Mtani anaweza kukuvua kofia, kula chakula chako na kukusema mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye mwenye kosa. Naeleza haya mapema kwa sababu kuna mtu mmoja hakuelezwa mapema, na nusura anikoseshe uhamisho.

Shule yetu ya Mkongoroni iko Kisarawe, upande ule wa kutokea Mlandizi, na masika yakikolea hata bodaboda wanaikataa. Nilifundisha pale miaka sita. Mume wangu Felician anafanya kazi Kibaha, tumejenga hukohuko, mtaa wa Picha ya Ndege, vyumba vitatu na choo cha ndani, na binti yetu Vailet amekulia mle kwa baba yake. Mimi nilikuwa mama wa Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Miaka minne mfululizo niliomba kuhamia Kibaha, miaka mitatu nikakosa. Safari hii akapatikana mwalimu wa Kibaha aliyetaka kurudi kwao Kisarawe, tukakubaliana tubadilishane, ikabaki idhini ya mwisho tu. Nikamwambia Vailet kwamba mwakani, akiingia darasa la saba, nitakuwa nikimwamsha mwenyewe asubuhi. Akaniuliza, "Kweli mama, au kama mwaka jana?" Nilijifanya natafuta funguo.

Mambo yalikuwa yamefika hapo wakati Marit anamaliza mwezi wake wa tatu kwetu.

Marit alitoka Norwei. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu kiasi kwamba mlango wa ofisi ya walimu ulimfundisha kuinama ndani ya wiki moja. Shirika moja la kujitolea lilimleta afundishe Kiingereza na hisabati mpaka Desemba, bila mshahara, jambo ambalo wazazi wa Mkongoroni hawakuliamini hata siku moja. Kiswahili alijifunza kwao kabla ya kuja, na kilikuwa safi, cha taarifa ya habari. Akitaka chumvi alisema, "Samahani, ninaomba unisaidie kunipatia chumvi." Mpaka amalize sentensi, wali umeshapoa.

Tukampa darasa la nne, watoto tisini na wanne, madawati ishirini na nane. Akataka kuwajua wote kwa majina. Siku ya kwanza akachora ramani ya darasa, kila mtoto na kiti chake, na watoto walipoiona tu wakaanza kuhama viti. Mwezi mzima Bilali aliitwa Ashrafu na Ashrafu akaitwa kwa jina la msichana. Wote waliitika kwa heshima.

Fimbo hakuitaka hata kuiona. Yangu naitumia zaidi kuonyeshea ubaoni, na hilo "zaidi" naomba lisichunguzwe. Yeye alileta kitu alichokiita kiti cha kutafakari. Mtoto akikosea anakwenda kukaa pembeni, peke yake, atafakari kosa lake. Kiti chenyewe alikiazima ofisini, cha mbao, kina mgongo. Sasa, mtoto anayekaa na wenzake watatu kwenye dawati la wawili, akisikia kuna kiti chenye mgongo cha kukaa peke yake, atakosea nini ili akipate? Atakosea chochote. Wiki ya pili kulikuwa na foleni ya watenda makosa, na siku moja nikasikia ugomvi mlangoni, mmoja anamwambia mwenzake, "Leo zamu yangu ya kutukana."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Kulikuwa na Naila, mtoto ambaye toka darasa la kwanza hakuna mwalimu aliyemsikia sauti, na mimi nilikuwa nimeshamwandika kwenye daftari la kichwani mwangu kwamba huyu basi. Marit alikaa naye kila siku baada ya kengele ya mwisho, akakata maboksi ya sabuni, akaandika silabi, wakacheza kama karata. Mwezi wa nne Naila akasimama darasani akasoma ukurasa mzima kuhusu mbuzi. Nilikuwa napita dirishani. Niliona aibu, na nilistahili.

Mwalimu mkuu wetu ni Mwinjuma, Mzaramo wa palepale Mkongoroni, ana miaka hamsini na nne na kitambi cha wastani. Asubuhi zetu zilikuwa na utaratibu. Mimi nikitokeza tu yeye husema, mbele ya walimu wote, "Mpagazi, mzigo umeutua wapi leo?" Nami hujibu, "Nimeutupa njiani mkuu. Nimesikia ngoma, nikajua hapa hakuna anayefanya kazi." Ndiyo salamu. Chai ilinoga baada ya hapo.

Halafu kulikuwa na mama yake, Bi Kudra. Kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, Bi Kudra alitembea kutoka kwake mpaka shuleni na bakuli la mihogo ya nazi, akasimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ambayo hata darasa la saba walisikia, "Mwinjuma kala?" Mtu ana mke, ana wajukuu, ana muhuri wa serikali, na mama anauliza kama amekula. Kazi yangu mimi mtani ilikuwa kulipokea lile bakuli kabla halijamfikia mwenyewe. Nilikula yale mapande makubwa huku nikisema, "Mtu mzima analishwa na mamaye. Mkewe alimwoa wa kupamba sebule?" Bi Kudra alicheka akaniongezea. Marit naye alimpenda sana bibi yule. Alipougua malaria mwezi wa tatu, Bi Kudra ndiye aliyempelekea uji siku tano. Kizaramo cha bibi Marit hakukielewa hata neno, na hakuna mtu kijijini aliyeongea naye muda mrefu kama bibi.

Sasa, shirika lililomleta lilimtaka ajaze fomu kila mwisho wa mwezi. Swali la tisa liliuliza kama ameshuhudia mtu yeyote akidhalilishwa kwa maneno mahali pa kazi. Mwezi wa pili alijaza hapana, kwa sababu Kiswahili chetu cha haraka kilikuwa bado kinampita. Mwezi wa tano kilikuwa kimemkaa. Akajaza kurasa mbili.

Aliandika kila kitu, yule binti, na kila kitu kilikuwa kweli. Kwamba mwalimu Laurentia humnyang'anya mwalimu mkuu chakula kila siku. Kwamba humtukana ukoo wake. Kwamba tarehe kumi na nne alimvua kofia mstarini, akaivaa, na kuwaamuru wanafunzi wampigie yeye saluti. Kwamba mwalimu mkuu hucheka, lakini wanaodhalilishwa mara nyingi hucheka. Shirika likapeleka nakala kwa wakubwa wa elimu, kama mkataba wao unavyotaka, na wakubwa wakaweka idhini yangu pembeni kusubiri maelezo.

Aliyekuja kuchukua maelezo ni kijana wa shirika, Hashiru, na kishikwambi chake. Alisoma yale malalamiko huku anauma midomo asicheke.

"Dada, mimi naelewa," akaniambia. "Bibi yangu mwenyewe ana watani, nawajua. Lakini fomu haina mahali pa utani. Mwalimu mkuu akiniandikia mstari mmoja tu kwamba hana malalamiko, nafunga faili, unahama zako."

Mstari mmoja. Nikaenda ofisini kwa Mwinjuma na kumwomba kwa adabu, na kosa langu ndilo hilo. Mnyamwezi amekuja kumwomba Mzaramo, kwa adabu, mbele ya mgeni. Nafasi kama ile babu zake waliisubiri miaka mia na hawakuipata. Niliona macho yake yanavyong'aa, nikajua kimenuka. Akachukua karatasi yenye nembo, akaandika taratibu, akapiga muhuri, akampa Hashiru.

"Mimi Mwinjuma, mwalimu mkuu, nathibitisha kuwa huyu Mnyamwezi ananitesa. Amenilia mihogo yangu miaka sita. Naomba asihamishwe kwenda popote, azuiliwe hapahapa Mkongoroni mpaka amalize kubeba mizigo yote ya babu zangu."

Hashiru alicheka mpaka akatoa kitambaa. Walimu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikisubiri Mwinjuma aandike ile ya kweli. Kumbe Hashiru, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameshaipiga picha na kuituma. Huko ilikokwenda, mtu wa ofisini akaitafsiri neno kwa neno, na mkubwa wake, ambaye nadhani hajawahi kuona Mzaramo, akasoma kwamba mwalimu mmoja anatesa, na mwingine anataka kumzuilia kwa kazi ya lazima. Wiki moja baadaye nikapata barua. Uhamisho umesimama hadi uchunguzi ukamilike. Mwalimu wa Kibaha akaambiwa anisubiri mwezi mmoja, ukiisha atatafutiwa mtu mwingine wa kubadilishana naye.

Nilimpelekea Mwinjuma ile barua. Akaisoma, uso ukamshuka, halafu mdomo wake ukafanya kosa la mwisho. Akasema, "Sasa mtani, si ulikuwa utani tu?"

Nilimfikiria Vailet na lile swali lake. Nikasema, "Kuanzia leo mimi si mtani wako. Shikamoo, mwalimu mkuu."

Miaka sita hajawahi kusikia shikamoo kutoka kwangu. Aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeambiwa habari za msiba.

Najua nilivunja mwiko. Mtani hanuni, na mimi nilinuna wiki tatu. Kila asubuhi niliingia, nikatoa shikamoo yangu, nikakaa. Bi Kudra alikuja na bakuli, nikampokea kwa mikono miwili, nikampelekea mwanawe mezani, nikasema, "Karibu chakula, mwalimu mkuu." Hakula. Bakuli lilirudi limejaa, na siku ya tatu Bi Kudra akaniuliza mlangoni kama tumbo linaniuma. Mwalimu mkuu aliandika barua mbili za kurekebisha mambo, na zote mbili zilijibiwa kwamba maelezo yake ya kwanza yanaonyesha ana hofu.

Aliyefurahi ni Marit peke yake.

"Madam Laurentia," akaniambia siku moja stoo, tukihesabu vitabu, "ninaona sasa mazingira ya kazi yameboreka. Watu wanaheshimiana."

Nikaketi juu ya boksi la chaki, nikamweleza. Nilimweleza yote, utani mpaka ule wa msibani, misafara, uhamisho, Vailet, na sikulainisha hata neno. Alibadilika rangi mpaka nikaogopa malaria imerudi.

"Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliogopa nikiuliza nitawaumiza," akasema.

Jioni ile ile alipanda kilimani kutafuta mtandao akafute malalamiko yake. Fomu ilikuwa na kitufe cha kuongeza lalamiko, na kitufe cha kuambatanisha picha. Cha kufuta hakikuwepo. Mwisho wa mwezi ulipofika, kwenye swali la tisa akaandika, "Ndiyo, nimeshuhudia. Aliyedhalilisha ni mimi." Wakamfungulia faili naye.

Bi Kudra alifariki siku ya Jumatano, alfajiri, akiwa anajiandaa kuswali. Habari zilitufikia shuleni kabla ya kengele ya kwanza. Tukawarudisha watoto nyumbani, tukafunga madarasa, tukaenda.

Nilienda kama mfanyakazi mwenza. Nilijifunga khanga mbili, nikachangia mchele, nikaketi mkekani na wanawake, nikakunja miguu. Marit aliketi nyuma yangu, macho mekundu. Watu walipita na ndoo na kuni, wameinamisha vichwa, na msiba mzima ulikuwa kimya namna ambayo misiba ya Wazaramo haiwi. Mtani ndiye anayeuchangamsha msiba. Ndiye anayevaa nguo za marehemu, akamwiga, akawatukana wafiwa, akazuia jeneza mlangoni mpaka alipwe. Watu wakicheka, ndipo wanapoweza kulia. Mtani mwingine wa karibu alikuwa mganga wa zahanati, Msukuma, na alikuwa masomoni Dodoma. Nilibaki mimi.

Nikamsikia Bi Mwamini, shangazi wa mwalimu mkuu, akinong'ona, "Mnyamwezi yupo?"

"Yupo, kakaa."

"Kakaa? Anaumwa?"

Adhuhuri ilipita. Wanaume walikuwa wameshaswali, wanasubiri maiti itoke. Mwinjuma aliingia kumtazama mama yake mara ya mwisho, na alipotoka chumbani alisimama mbele yangu. Uso wake ulikuwa mkavu. Toka alfajiri hakuwa ametoa chozi, walisema, na hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Laurentia," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Leo hata mama humsemi?"

Nilitazama mkeka. Nitasema ukweli, nilikuwa na uchungu, na katika ule uchungu kulikuwa na tone la raha. Nilijiambia aone, aone kinavyouma kitu kikizuiliwa. Alisubiri kidogo, akaondoka.

Hapo ndipo Marit aliposimama.

Nilidhani anakwenda nje. Badala yake alikwenda kwenye kamba iliyokuwa na nguo za marehemu, akachukua khanga ya Bi Kudra, akajitanda. Akachukua bakuli tupu pembeni ya mitungi. Akapinda mgongo, yule binti mrefu, akaanza kutembea katikati ya mkeka kwa hatua ndogondogo, akafika mlangoni ambapo Mwinjuma alikuwa bado hajavuka kizingiti, na kwa sauti nyembamba inayotetemeka akauliza, "Mwinjuma amekula?"

Hakuna aliyecheka. Mtani akifanya hivyo ni mila. Mtu asiye mtani akifanya hivyo amemkejeli maiti mbele ya wanawe. Mzee Omary, mdogo wa marehemu, aliinuka kwenye benchi uani akaja mlangoni na fimbo yake, na hakuja kuegemea. Marit alisimama na lile bakuli. Hakujua namna ya kuendelea wala namna ya kumaliza. Masikio yake yalikuwa yameiva kwa aibu. Nikaona wazi kwamba alijua kabisa anajiingiza wapi. Alikuwa ameona kiti cha mtani kiko wazi, na kwa kuwa yeye ndiye aliyemtoa mwenye kiti, akaona akikalie, apigwe yeye.

Nilikuwa na nafasi ya kumwacha azame. Wiki tatu nzima nilitamani azame. Lakini mwendo ule, jamani, haukuwa wa Bi Kudra hata kidogo.

Nikasimama.

"Nani kakupa hii kazi?" nikamwambia Marit, nikamvua khanga. "Unatembea kama unaogopa kukanyaga mayai. Huyu bibi alimwogopa nani? Alikuwa anatembea hivi." Nikajitanda, nikatanguliza kifua, nikachapa miguu sakafuni kama mtu anayekwenda kudai shamba lake. "Na wala hakusema amekula. Alisema, Mwinjuma KALA? Mpaka mbuzi wa kijiji cha Mzenga wanaitika, hajala, hajala."

Bi Mwamini ndiye aliyevunjika kwanza. Alicheka akajiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani.

Basi sikusimama tena. Nilimwambia Mwinjuma kwamba saa kumi na moja alfajiri mama kafa, na saa nne hii imepita bila mihogo, sasa tuone hicho kitambi kitaishi kwa nani. Nilimwambia Mzee Omary ashushe hiyo fimbo kwa sababu hajawahi kushika hata jembe, leo fimbo ataiwezea wapi. Nilijilaza kwenye kizingiti, mzima mzima, nikamvuta Marit akalala upande wa pili, miguu ikatokeza nje uani, nikatangaza kuwa maiti hatoki. Huyu bibi amenilisha miaka sita, kesho nakula kwa nani? Nilipwe.

"Na huyo mzungu naye ni Mnyamwezi?" akauliza Mzee Omary.

"Ni mpagazi wangu. Nimemtoa mbali, si unaona urefu, ni wa kubebea mizigo ya juu."

Uani wakaangua kicheko, na fimbo ya mzee ikarudi chini. Shekhe alitazama saa yake akasema kwa upole, "Mlipeni huyu, jua linakwenda." Wakaniletea mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu, ile aliyokunia nazi za mihogo yangu yote. Nikaipokea. Nikamwona Mwinjuma amesimama, anacheka, mabega yanacheza, halafu kicheko kikageuka kikawa kilio, kikubwa, cha mtoto aliyefiwa na mama. Wanaume wakamshika. Na mimi palepale kizingitini, nimekumbatia kipande cha mbao chenye meno, nikalia naye. Nilimlilia bibi yule kwa moyo wangu wote. Halafu tukainuka, mimi na mpagazi wangu, tukawapisha wapite.

Toka siku ile Norwei ikawa wilaya ya Tabora. Wazee waliokuwa wakimsalimia Marit kwa uangalifu sasa walimzuia njiani kumuuliza mizigo ameitua wapi. Siku ya kwanza alijibu, "Samahani, nimeiacha nyumbani." Tukamfundisha. Mwezi wa saba alimvua Mzee Omary kofia sokoni, na mzee akamfukuza hatua tano kwa furaha yote aliyokuwa nayo.

Hashiru alirudi siku ya nne baada ya mazishi kukamilisha uchunguzi. Mwezi wa yule mwalimu wa Kibaha ulikuwa umebaki siku mbili. Tulikaa ofisini, yeye, mimi, Marit na Mwinjuma, ambaye alikuwa bado na ndevu za msiba.

"Mwalimu mkuu," Hashiru akasema, "naomba sana. Safari hii andika ya kweli. Kwa nini unasema huyu mama hakunyanyasi? Walitaka sababu."

Mwinjuma akachukua karatasi yenye nembo. Niliogopa, sitadanganya. Aliandika mstari mmoja, akapiga muhuri, akaigeuza karatasi tuisome.

"Huyu amenizikia mama."

Hashiru aliipiga picha, akafuta kioo cha kishikwambi chake ingawa hakikuwa na vumbi. Marit akasema safari hii ataitafsiri mwenyewe, asiachiwe mtu wa ofisini. Alikaa na ule mstari saa nzima, na alichoandika kilijaza ukurasa. Nilimuuliza mbona kirefu. Akasema kwao mtu anazikwa na kampuni.

Faili lilifungwa kesho yake. Idhini ilitoka siku moja kabla ya muda kuisha, na mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa nafunga virago. Darasa langu nilimwachia yule mwalimu wa Kibaha, na Marit nikamwachia fimbo yangu, ya kuonyeshea ubaoni. Naila aliniandikia barua ya kuniaga, mistari minne, yote imenyooka.

Mwinjuma alinisindikiza mpaka barabarani. Bodaboda alikuwa anafunga begi langu kwa mpira. Tulisimama bila maneno, watu wawili ambao kwa miaka sita hatukuwahi kukosa neno, na nilitamani aniite mpagazi, anitukane, aniokoe.

"Picha ya Ndege si mbali," akasema.

"Si mbali. Saa mbili, mvua isiponyesha."

Akatazama njia. "Siku nikifa, utakuja?"

"Nitakuja. Nitakusema mpaka maiti ione aibu."

Akaitika kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Basi nenda," akasema.